Kaptula Linapopwaya: Kicheko na Ukweli katika Tashtiti

(Mada kwa walimu wa Kiswahili, Daudi, Mbulu)



Naomba tuanze na neno dogo kabisa: "la". Kwa kawaida husemwa kaptula ya mtu. Euphrase Kezilahabi aliiita tamthiliya yake Kaptula la Marx, na kwa silabi hiyo moja nguo ikageuka dude. Msomaji anacheka hata kabla ya kufunua ukurasa. Akifunua, anamkuta Rais Kapera kavaa kaptula hilo, linampwaya, naye anaongoza safari ya kuitafuta nchi ya Usawa.

Hapo ndipo tashtiti, yaani kicheko kinachofichua maovu ya jamii, inapofanya kazi yake. Mwandishi angeweza kuhutubia kuhusu siasa ya kijamaa iliyoshonwa ng'ambo bila kupima kiuno cha atakayeivaa. Badala yake ametuonyesha kiuno chenyewe. Wazee wetu wa Mbulu na Hanang waliohamishwa katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, hawahitaji kufafanuliwa habari ya vazi lililokatwa bila kipimo. Tamthiliya hiyo iliandikwa miaka hiyohiyo ya 1970, lakini ikachapishwa 1999. Mnaona wenyewe uzito wa kicheko kilichokaa kwenye mswada miaka yote hiyo.

Shaaban Robert alikuwa ameipita njia hiyo zamani, tena chini ya mkoloni. Katika riwaya yake Kusadikika, iliyotoka 1951, nchi inayoelea angani imepewa jina la kitu kinachoaminika. Waziri mshtaki anaitwa Majivuno. Kosa la mshtakiwa, Karama, ni kuanzisha mafunzo ya sheria! Ukilisema shtaka hilo darasani, wanafunzi hucheka, kisha hunyamaza. Mimi naupenda sana ule ukimya unaofuata kicheko, kwa sababu ndani yake mwanafunzi anafikiri.

Gazetini alikuwepo Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika Uhuru. Uhuru lilikuwa gazeti la chama tawala, na bado ndani yake msomaji alicheka urasimu na tamaa za wakubwa.

Lakini nina jambo linaloniuma. Vichekesho vingi vya siku hizi vinachuma kicheko kwenye lafudhi: Mmasai mlinzi, Mgogo ombaomba, na sisi wa huku tunavyotamka Kiswahili. Mbulu na Hanang ni mahali ambapo Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe na Kinyiramba, lugha zisizo na undugu wa karibu, zinakutana. Mtoto anayekuja shuleni na Kiiraqw mdomoni anajifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na kumcheka kwa hilo hakufichui ukweli wowote wa jamii. Wala huo si utani. Utani una pande mbili, kila mmoja na zamu yake ya kumrudishia mwenzake. Tashtiti nayo humwendea mwenye madaraka, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kulivua kaptula.

Kwa hiyo nawaombeni, mnapoifundisha istilahi hii ya tashtiti, msiishie kwenye maana yake ya kujibia mtihani. Mpeni mwanafunzi kichekesho alichokisikia redioni juzi, mumwulize: hapa anachekwa nani, na je, ana uwezo wa kulibadili hilo analochekewa? Mpeni muda wa kujibu.