Ligi ya Mpakani: Kazi Iliyobaki kwa Chama cha Raga cha Afrika Mashariki



Nimepewa nizungumzie uendeshaji wa ligi za klabu za ridhaa katika kanda yetu. Ni mada inayoweza kummeza msemaji, kwa hiyo nimeamua kushika jambo moja tu, nalo ni nauli. Ukijua nani anapanda basi kwenda wapi siku ya Jumamosi, na nani amelipa, umekwisha kuielewa ligi ya ridhaa kuliko atakayekusomea katiba ya chama kuanzia ibara ya kwanza.

Naomba tutazame ramani kwanza. Kutoka Kakamega hadi Nairobi safari ya barabara inakaribia kilomita 400. Kutoka Kakamega hadi Kampala, ukipitia Mumias na Busia, haifiki 300, na Jinja iko karibu zaidi. Bungoma na Mbale, kwa njia ya Malaba na Tororo, zimeachana kwa kama kilomita 100 hivi; ni safari ya kuondoka asubuhi, kucheza, kula na kurudi kulala nyumbani. Upande wa kusini, klabu ya Arusha iko chini ya kilomita 300 kutoka Nairobi na zaidi ya 600 kutoka Dar es Salaam. Pamoja na hayo, ratiba za ligi zetu zimepangwa kana kwamba barabara zote huishia kituo cha forodha.

Kuna atakayeuliza klabu za Kakamega zina shida gani na nauli. Kabras Sugar walitwaa Kombe la Kenya mwaka 2016, wakalirudia kuanzia 2022, na nyuma yao kuna kampuni ya sukari. KCB wana benki. Hao siwazungumzii leo. Agosti 1995, mjini Paris, bodi ya kimataifa ya raga ilifuta sharti la uridhaa lililokuwa limedumu kwa zaidi ya karne, na wachezaji wakaruhusiwa kulipwa. Kwetu mlango huo umefunguka kwa klabu chache zenye kampuni au chuo kikuu nyuma yao. Waliobaki wanacheza kwa mfuko wao wenyewe, na waliobaki ndio wengi.

Twendeni basi kwenye madaraja ya chini. Ijumaa jioni mweka hazina wa klabu anapiga simu huku na huku: mwenye matatu anataka nusu ya pesa kabla ya kuwasha gari, propu mmoja amepangiwa zamu ya usiku kazini, huka ana msiba. Hadi saa nne usiku wamethibitisha wachezaji 14. Asubuhi ujumbe unatumwa kwamba timu haitafika. Wenyeji wamekwisha kupaka uwanja chokaa, wamemlipa mwamuzi nauli yake, wamekodi gari la wagonjwa, mama wa chapati amekanda unga. Wanapewa ushindi wa mezani na pointi zao, lakini gharama yote ya mechi isiyochezwa imewaangukia wao. Wageni nao wanaandikiwa faini. Sijawahi kuielewa kanuni hii ya kumtoza faini mtu kwa kosa la kukosa nauli, kisha kumfungia asicheze mpaka ailipe. Msimu mmoja wa namna hiyo unatosha kuiua klabu.

Ligi hupimwa kwa timu iliyo mkiani mwa jedwali. Kama timu hiyo ilicheza mechi zake zote, ligi ni nzima. Kama haikucheza, hata bingwa amepewa kombe lenye matobo.

Turudi nyuma kidogo, maana hali hii ina historia. Chama cha Raga cha Afrika Mashariki, RFUEA, kiliundwa mwaka 1953, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zote zikiwa chini ya Mwingereza. Miaka miwili baadaye uwanja wake wa Ngong Road, Nairobi, ulifunguliwa na British Lions waliokuwa wakirudi kwao kutoka Afrika Kusini. Tarehe 28 Septemba 1955 Lions waliifunga timu ya Afrika Mashariki 39–12. Walipopita tena Agosti 1962 wakaifunga 50–0. Klabu za nchi hizo tatu zilikuwa zikiwania Kombe la Enterprise, lililopewa jina la meli ya kivita ya Uingereza, HMS Enterprise. Kulikuwa na kanda, na kulikuwa na chombo cha kuiendesha.

Lakini tusiulilie wakati ule. Raga ile ilikuwa ya walowezi, maofisa na makarani wa kampuni za Kizungu. Mwafrika aliyekuwa uwanjani kwa kawaida alikuwa anakata nyasi. Kinachonihuzunisha mimi ni jinsi tarehe zilivyopishana. Mwaka 1970 Kenya iliunda chama chake na Kombe la Kenya likaanza. Uganda ikaingia katika miaka ya Idi Amin, na klabu zake zikapukutika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Na ni mwaka huohuo wa 1977 ambapo Mwamba ilianzishwa Nairobi na wachezaji Waafrika waliotaka klabu yao wenyewe. Kwa maneno mengine, mchezo uliingia mikononi mwa wenyeji wakati uleule kanda ilipokuwa inapasuka. Kizazi cha kwanza cha wachezaji wetu kilirithi ligi za taifa. Ligi ya kanda hakikuirithi, kwa sababu haikuwepo tena ya kurithiwa.

Baada ya hapo kila chama kikafungua njia yake. Kenya ilijiunga moja kwa moja na bodi ya kimataifa mwaka 1990, Uganda ikafuata baadaye, na 2007 Uganda wakawa mabingwa wa Afrika. Vyama vya nchi vilipokomaa, chombo cha kanda kikabaki na uwanja na jina. Nalisema hili bila kejeli: uwanja wa raga usioliwa na wajenzi wa maghorofa katikati ya Nairobi ni jambo la kushukuru. Ila mwenye uwanja na mwendesha ligi ni kazi mbili tofauti.

Kila mara tunapojaribu kufufua raga ya kanda, tunaanzia juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa na Bamburi Super Series, timu za kuundwa zilizokusanya wachezaji bora wa Kenya na Uganda chini ya udhamini wa kampuni ya saruji. Ilikuwa raga tamu, na waliokuwa uwanjani bado wanaisimulia. Lakini mashindano ya namna hiyo hutegemea mdhamini mmoja, na mdhamini akiinuka na meza inaondoka. Tangu 2004 Kenya na Uganda zimekuwa zikiwania Kombe la Elgon. Mlima Elgon wenyewe una Mbale upande mmoja na Bungoma upande wa pili. Timu za taifa zinasafiri kutoka Nairobi na Kampala kugombea jina la mlima, na vijana wanaouona mlima huo kila wakiamka hawana ligi ya pamoja.

Na wanajuana! Kila mwaka michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki huwakutanisha wavulana wa Kenya na Uganda katika raga ya wachezaji saba na ya wachezaji 15. Mvulana wa miaka 17 anavuka mpaka akiwa na mwalimu wake, anacheza, anarudi na namba za simu za marafiki. Akimaliza shule na kujiunga na klabu, mpaka unafungwa. Sijui tunamlinda na nini.

Pendekezo langu ni hili. Kundi la magharibi la madaraja ya chini ya Kenya liunganishwe na klabu za mashariki mwa Uganda, zicheze nyumbani na ugenini kama kundi moja. Mwisho wa msimu klabu ya Kenya iliyo juu kuliko Wakenya wenzake iende kwenye mchujo wa kupanda daraja Kenya, na ya Uganda iliyo juu iende kwenye mchujo wa kwao. Hakuna haja ya kombe jipya. Kundi la pili liiunganishe kaskazini mwa Tanzania na Nairobi, ingawa hilo ningeliacha kwa msimu wa baadaye, kwa kuwa klabu za upande wa Tanzania ni chache na haifai kuzibebesha safari nyingi mara moja.

Nimeulizwa kwa nini klabu za magharibi mwa Kenya zisicheze zenyewe kwa zenyewe. Zinaweza, na baadhi ya misimu zimefanya hivyo. Tatizo ni kwamba zikiwa nne au tano unakutana na watu walewale mpaka unajua nani ataangusha mpira kwenye lainauti gani. Kiwango hakipandi. Jinja pekee ina Hippos na Walukuba Barbarians. Kuwa na majirani wa namna hiyo na usiwaalike ni ubadhirifu.

Wanaotilia shaka watatuelekeza kwenye siasa za mpaka. Ireland ina jibu. Chama chake cha raga kiliundwa 1879, kisiwa kikagawanywa 1921, na chama kikakataa kugawanyika. Hadi leo tawi la Ulster linaendesha ligi zinazochanganya klabu za Belfast, iliyo chini ya Uingereza, na klabu kama Letterkenny na Monaghan zilizo katika Jamhuri. Ligi hizo zilivuka miaka ya mabomu na vizuizi vya askari barabarani. Busia yetu ina foleni ya malori tu.

Vikwazo halisi ni vidogo na vinakera. Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini ofisa anaweza kudai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na basi linahitaji bima ya COMESA inayoitwa kadi ya njano. Ukiongeza ile ya mwamuzi, timu inaweza kupata kadi tatu za njano katika safari moja. Kisheria, mashindano ya klabu yanayovuka mpaka yanahitaji idhini ya vyama vya nchi zote mbili. Misimu ya nchi hizi nayo haianzi pamoja. Yote haya ni kazi ya ofisi, na ofisi ya kanda ndiyo ingefaa kuifanya, maana hakuna katibu wa klabu ya Mbale atakayeandika barua Nairobi akajibiwa ndani ya wiki.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye jambo la afya, kwa sababu ndilo linalonipa wasiwasi kuhusu pendekezo langu mwenyewe. Mchezaji wa ridhaa aliyepata mtikisiko wa ubongo anatakiwa, kwa mwongozo wa World Rugby, akae nje kwa kawaida siku 21 kabla ya kurudi kucheza mechi. Sasa fikirini kijana aliyegongwa kichwa Bungoma Jumamosi hii. Jumamosi ijayo rafiki yake wa Tororo amepungukiwa na mchezaji wa pembeni, anampigia simu. Atavuka, atavaa jezi, na hakuna mtu upande ule atakayejua. Vivyo hivyo kwa aliyefungiwa kwa kupiga ngumi. Ligi inayovuka mpaka bila daftari moja la wachezaji ni hatari kuliko kutokuwa na ligi. Daftari hilo linahitaji jina, picha, nafasi anayoruhusiwa kucheza, tarehe ya jeraha, na tarehe ya kurudi, na mwamuzi aweze kulifungua kwenye simu yake kabla ya mechi. Bila jina lako humo, huchezi, hata kama nahodha analia.

Nimetaja nafasi kwa makusudi. Mstari wa mbele wa skramu si mahali pa kumweka mtu kwa sababu ana mwili mkubwa. Timu ikikosa wachezaji watatu waliofunzwa nafasi hizo, skramu zichezwe bila kusukumana na mechi iendelee. World Rugby inaruhusu vyama kulegeza masharti kwa raga ya jamii: kupunguza muda, kupunguza idadi ya wachezaji, kubadilisha wachezaji kwa uhuru zaidi. Timu iliyofika na watu 12 icheze watu 12 kwa 12. Kwa jicho langu mechi ya 12 iliyochezwa inashinda ushindi wa mezani mara kumi.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Nauli ya kila klabu iende mfuko mmoja na igawanywe sawa, ili wa Jinja asilipe zaidi kwa kuzaliwa mbali. Iwapo uwanja wa Ngong Road unabakiza chochote baada ya gharama zake, sehemu iende huko. Gharama za mechi isiyochezwa zilipwe na mfuko, na faini ya kutofika ifutwe kwa klabu iliyotoa taarifa kufikia Alhamisi.

Linalobaki ni nani atashika daftari na ratiba, na hapa natarajia mabishano katika kipindi cha maswali. Wapo watakaotaka kamati yenye wajumbe wawili wawili kutoka kila nchi, na posho za vikao. Mimi ningeajiri katibu mmoja wa kudumu, mwenye simu, pikipiki na uwezo wa kuahirisha mechi bila kuitisha kikao. Ofisi yake ningeiweka Malaba.