Mto Atrato na Haki Zake

Leo tuko Kolombia, katika jimbo la Chocó, kandokando ya mto Atrato unaoelekea Bahari ya Karibi. Wengi wa wakazi wa hapo ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wakiishi jirani na wenyeji wa asili wa nchi hiyo.

Kwa miaka mingi wachimba dhahabu wameuchimbua mto huu kwa mashine kubwa, na kutumia zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu. Inayobaki huingia majini, ikamwingia samaki, kisha anayemla samaki. Wanavijiji waliishtaki serikali kwa kukaa kimya. Walichodai ni haki zao wenyewe: uhai, afya, maji, chakula na utamaduni.

Novemba 2016 Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi, tena zaidi ya walivyoomba. Ilitamka kwamba mto wenyewe una haki ya kulindwa, kutunzwa na kurejeshewa hali yake. Majaji waliona kwamba huwezi kumhakikishia mvuvi haki ya chakula huku mto unaomlisha ukiachwa ufe.

Utauliza: mto utasimamaje mahakamani? Kama kampuni inavyosimama, kwa kusemewa. Mahakama iliagiza uwe na walezi, upande mmoja serikali, upande wa pili wananchi. Na wananchi hawakukubali mtu mmoja ausemee mto wa kilomita 750 hivi. Wakaunda jopo la watu 14, wanawake na wanaume, kutoka jumuiya zao. Kwangu mimi, jopo hilo ndilo uti wa mgongo wa hukumu nzima, kwa kuwa uchimbaji haramu haukukoma siku ile hukumu iliposomwa. Lazima awepo mtu wa kuibana serikali mwaka hadi mwaka.

Sasa turudi kwetu. Uganda ilipitisha Sheria ya Taifa ya Mazingira mwaka 2019. Kifungu cha 4 cha toleo hilo la 2019 kinasema asili ina haki ya kuwepo, kuendelea kuwepo na kujihuisha, na kwamba mtu anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Msikilizaji uliye Uganda, kitafute kifungu hicho, kisomeni pamoja kijijini, na mkubaliane mapema ni nani watakaousemea mto wenu au kinamasi chenu.