Uzi au Shashi: Gharama ya Kunyoosha Pua

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za afya za sharika, Mkotokuyana, Wilaya ya Nachingwea)



Kamati moja iliniuliza: kijana tuliyemchangia kwenda kupasuliwa pua, mbona aliomba hela nyingine akiwa hukohuko? Jibu ni kwamba tulipitisha nauli na gharama ya upasuaji, tukasahau siku za kusubiri kutolewa shashi puani. Kosa ni la ofisi yangu.

Katikati ya pua kuna ukuta, mbele gegedu, nyuma mfupa. Ukipinda, iwe kwa maumbile au kwa kugongwa, pua huweza kuziba. Daktari hubandua ngozi laini inayoufunika, hunyoosha au huondoa palipopinda, kisha huirudisha ngozi. Hapo ndipo penye hatari. Kati ya ngozi hizo mbili damu ikivilia inaweza kuoza na kula gegedu, ukuta ukatoboka au pua ikabonyea.

Njia ya zamani ni kujaza shashi yenye mafuta pande zote mbili, kwa kawaida siku moja au mbili, ili ikandamize. Aliyepitia hasahau: unapumua kwa mdomo, koo linakauka, usingizi hauji, na siku ya kuivuta machozi yanatoka yenyewe. Njia ya pili ni kushona. Sindano hupita ukutani kutoka tundu moja la pua hadi la pili, kwenda na kurudi, kama fundi anavyoshona godoro ili pamba isihame. Uzi huyeyuka wenyewe.

Tafiti zilizolinganisha njia hizi katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wenye shashi huumia zaidi, na kwamba kwa jumla kushona hakuongezi kutoka damu wala damu kuvilia. Daktari hutumia dakika chache zaidi mezani, basi. Lakini damu ikikataa kukata, shashi ni lazima, na uamuzi ni wa daktari, si wa kamati wala wa mhisani.

Kwa mgonjwa wa Ilala anayetibiwa Muhimbili, shashi ni usiku mbaya tu. Kwa wa hapa, akipelekwa Muhimbili au KCMC kule Moshi, ni nyumba ya wageni, ni chakula cha msindikizaji, na msimu ukiwa umefika ni korosho zinazodondoka bila mwokotaji. Wahisani mliouliza fedha zinakwenda wapi, nyingi huishia huko.

Kwa hiyo fomu tumeibadilisha. Kabla ya kupitisha fedha, kamati ipige simu hospitali iulize: mnatarajia kushona au kuweka shashi, na mgonjwa ataruhusiwa lini kusafiri? Ikiwa ni shashi, tuhesabu malazi mpaka itolewe, na siku moja au mbili za akiba. Asipande basi nayo puani, wala asiivute mwenyewe nyumbani. Aliyeshonwa naye asiharakishwe kwa sababu eti uzi ni nafuu kwetu. Akirudi, pua ikaziba ghafla, ikauma na homa ikapanda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Fomu mpya ziko kwa katibu. Za zamani naomba mnirudishie kabla gari halijaondoka.