Malori Yapite, Lakini Watu Waulizwe



Kifungu cha 2A kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991, Wakenya walirudishiwa haki ya kuwa na vyama vingi. Haki ya kuulizwa juu ya barabara ipitayo mlangoni mwao ilikawia hadi Katiba ya 2010, nasi bado hatujaitumia ipasavyo.

Barabara kuu itokayo Mombasa hupita Webuye na Kanduyi ikielekea Malaba. Kitale nayo hupitisha malori yaendayo Lodwar na Sudan Kusini, na sasa lami imefika Suam mpakani. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2013 huruhusu lori na shehena yake kufikia tani 56. Uzito huo haupiti nyikani. Hupita mbele ya shule, makanisa na meza za nyanya.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliwavamia wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wakubwa walitoa pole, kisha ikasemwa kwamba masoko ya kandokando yaondolewe. Yaende wapi? Muuza mboga hakai ukingoni kwa ukaidi. Hukaa pale mnunuzi anaposimama.

Mtuwie radhi tukisema kiwakili kidogo. Barabara kuu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti masoko, taa za barabarani na maegesho ya magari. Basi afisa wa Bungoma au wa Trans Nzoia akijibu kwamba hilo ni la Nairobi, amesema nusu ya kweli. Foleni ya malori ya Malaba iliponyooka kilomita nyingi mnamo Januari 2022, kwa ajili ya vipimo vya korona, kila mwenye macho aliona kwamba maegesho si anasa.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo, tunaomba kila kanisa lichague watu watatu waandike barua: soko lihamie kiwanja gani, watoto wavuke wapi, malori yalale wapi. Waulize pia ni fedha kiasi gani zimetengwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 humpa afisa siku 21 kujibu. Nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, na ibaki kwa katibu wa kanisa.