Mzigo na Bega la Mpagazi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Tabora)



Nimeombwa niseme machache juu ya kompyuta. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Dar es Salaam kikazi, nilijenga mfumo wa Gentoo Linux kutokana na maandishi yake asilia, kwa ajili ya ofisi moja ya hapa Tabora. Nilijengea katika kompyuta mpya. Kompaila ya GCC nikaipa agizo la -march=native, yaani itumie kila amri inayojulikana na prosesa ya mashine ile. Nikafunga diski, nikapanda treni.

Kufika hapa, nikaitia diski katika mashine kuukuu ya ofisi. Kiini cha mfumo kiliamka, lakini programu ya kwanza ikafa palepale: prosesa ilikuwa imepewa amri isiyoijua. Amri za AVX2, kwa mfano, zilianza kuonekana katika prosesa za Intel mwaka 2013. Mashine ile ilitengenezwa kabla ya hapo. Siku hiyo mama mmoja aliyetoka Sikonge kufuatilia mafao ya marehemu mumewe alirudi bila jibu.

Jioni nilipita Kwihara, nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mzigo wao, yapata frasila mbili, yaani karibu kilo 32, ulipimwa kwa bega la mtu. Punda alibeba zaidi, lakini mbung'o walimwua njiani.

Vijana, shikeni tofauti hii. Agizo la -march huamua amri zipi zitumike. Agizo la -mtune huzipanga tu ziende vizuri katika prosesa fulani, bila kuongeza amri ngeni. Mfumo utakaobaki katika mashine uliyoujengea, native yafaa. Utakaosafiri, mtafuteni kwanza mpagazi dhaifu kuliko wote. Tangu mwaka 2020 kuna hata ngazi zilizopangwa: x86-64 ya msingi, kisha v2, v3 na v4.

Nilijenga upya kwa -march=x86-64. Mfumo ukawaka, na hakuna karani aliyelalamika kwamba ni mzito. Yule mama alirudi wiki iliyofuata, akapata jibu lake. Lakini nauli alikuwa ameilipa mara mbili, na kosa halikuwa lake.