Maji ya Kunywa Melini

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka



Tumeombwa tuseme machache juu ya maji wanayokunywa vijana wetu walio baharini. Laweza kuonekana jambo dogo. Lakini mtu wa nchi kavu asiyeridhika na kisima chake huenda kwa jirani, na baharia hana jirani.

Maji ya melini hupatikana kwa njia mbili: ama hujazwa gatini kwa mpira, ama hutengenezwa na mtambo kutokana na maji ya bahari. Mpira ulioburutwa chini, au uliotumiwa kwa kazi nyingine, waweza kutia uchafu katika maji yaliyotoka bandarini safi. Nayo mitambo mingi huyachemsha maji kwa moto usiofika nyuzi 80, usiotosha kuua vijidudu vyote. Kwa hiyo haifai kuvuta maji ya bahari karibu na bandari, na yapasa yatiwe dawa baadaye.

Ndiyo sababu maji hupimwa. Klorini hupimwa papo hapo bombani, isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Tena maji huchotwa kwa chupa iliyotakaswa, yakapelekwa maabara yangali baridi kabla ya saa 24 kwisha. Katika mililita 100 kisionekane hata kijidudu kimoja cha kinyesi kiitwacho E. coli.

Sheria nayo ipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, wataka mabaharia wapewe maji mazuri bila malipo, na nahodha, au mtu aliyeamriwa naye, ayakague mara kwa mara na kuandika alichokiona. Kadhalika, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, meli huchukua hati ya usafi idumuyo miezi 6.

Lakini hati si kikombe. Kijana mmoja wa chama chetu alirudi amedhoofika kwa kuhara. Maji ya meli yao yalikuwa yamepimwa, ila yalichotwa bombani karibu na tangi, hali wao walikunywa ya bomba la mwisho, huko vyumbani mwao. Hakusema neno, akichelea asiitwe tena kazini. Hatumlaumu, lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, maji yapimwe pale wanapoyanywa mabaharia, na majibu yabandikwe mahali pao pa kulia. Pili, kila mzazi amwambie mwanawe kwamba Mkataba huo wampa haki ya kushtaki melini, au kwa wakaguzi bandarini, wala si halali kuadhibiwa kwa kufanya hivyo.

Wazee wetu, neno lenu huwafikia vijana mahali ambapo barua zetu za ofisini hazifiki.