Amri ya Kujenga na Amri ya Kusita



Wengi wetu tumemuuguza jamaa anayetibiwa saratani kwa dawa za kudungwa. Siku chache baada ya sindano huharisha na kushindwa kula, kisha hupata nafuu kabla ya duru nyingine. Tumeulizwa: kwa nini tumbo, ilhali maradhi yako kwenye titi?

Dawa hizo huwinda seli zinazogawanyika kwa haraka, wala hazibagui. Na utando wa ndani wa utumbo mwembamba hujivua na kujivika upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Ndani yake mna vishimo visivyoonekana kwa macho, na chini ya kila kishimo hukaa seli chache za shina. (Waarabu nao huziita kwa neno litokalo kwenye jidh'u, yaani shina la mti, na twaona jina limepata mahali pake.) Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers, mjini Utrecht, Uholanzi, lilizitambua katika panya kwa alama iitwayo Lgr5. Mwaka 2009 seli moja tu ya aina hiyo ilikuzwa maabara, ikazaa utumbo mdogo wenye vishimo vyake.

Je, seli hiyo huamrishwa na nani? Na majirani zake. Seli za Paneth zilizobanana nayo, pamoja na tishu iliyo chini yake, hutoa protini za kundi la Wnt, nayo ikizipata hugawanyika. Seli changa inayopanda juu huiacha amri hiyo nyuma. Huko hukutana na protini za BMP, ziiambiazo isite kugawanyika na ishike kazi ya kufyonza chakula au kutoa ute. Ikifika kileleni hubanduka.

Ama seli za shina zikiuawa, baadhi ya zile changa zilizokwisha kuanza safari hurejea kuwa shina. Hayo yalionyeshwa mwaka 2012 kwa panya waliopigwa mionzi. Hiyo ni njia mojawapo ya utumbo kujiponya.

Lakini amri isiyokoma ni balaa. Jeni ya APC, iliyotambuliwa mwaka 1991, huizuia seli isijenge pale Wnt isipokuwapo. Ikiharibika, seli hujenga bila ya kuamrishwa na kijivimbe huota. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia hapo. Kwa hiyo aonaye damu chooni asijihukumie bawasiri, aende akapimwe. Kijivimbe hicho aghalabu huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka saratani, na daktari akikiona kwa kamera, mara nyingi hukikata papo hapo.